Pale Programu Inapokuwa Haijashika Hatamu: Kisa cha Kuchagua Bodi ya Majaribio ya Kompyuta ya Injini

Usuli

Timu ya watu watatu, mmoja fundi wa magari, mmoja wa elektroniki na mmoja mwandishi wa programu, ilikusudia kuunda kompyuta yake yenyewe ya kuendesha injini ya petroli ya silinda nne. Kompyuta ya kiwandani ilikuwa nzima, ila ilikuwa imefungwa: majedwali yake ya mafuta na ya cheche hayakuweza kuhaririwa, na injini ilikuwa imekwisha kubadilishwa kemshafti (shafti inayofungua vali) na injekta (vinyunyizio vya mafuta) kiasi kwamba majedwali hayo hayakuifaa tena. Mwandishi wa uchambuzi huu hakuwa mmoja wa timu. Alipewa daftari la kazi, michoro ya saketi na rekodi za vipimo baada ya mradi kufika hatua ya bodi ya pili. Taarifa zinazoweza kumtambulisha mtu, karakana au gari zimeondolewa, na vipimo vya kiufundi vimebaki kama vilivyoandikwa.

Lengo lilikuwa wazi tangu mwanzo. Kila injekta ifunguliwe kwa zamu ya silinda yake, kila plagi iwe na koili yake ya kuzalisha cheche, injini iruhusiwe kufika mizunguko 7,000 kwa dakika, na habari za sensa zipelekwe kwenye dashibodi kwa mtandao wa CAN, yaani njia ya mawasiliano ya vifaa vya gari. Krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, ilikuwa na gurudumu la meno 60 ambalo meno mawili yamekatwa ili kuonyesha mahali pa kuanzia kuhesabu, likisomwa na sensa ya sumaku. Kemshafti ilisomwa na sensa ya Hall.

Hesabu zilizotangulia bodi

Jambo la kwanza ambalo timu ililifanya vizuri ni kukaa na kalamu kabla ya kutazama bodi yoyote ya majaribio, yaani bodi iliyokwisha kutengenezwa yenye chipu ya kompyuta ya kuanzia nayo. Krenki inayozunguka mara 7,000 kwa dakika hukata digrii 42,000 kwa sekunde, hivyo digrii moja hupita kwa takribani mikrosekunde 23.8. Meno yakiwa yamepangwa kila digrii 6, jino jipya hufika kila baada ya mikrosekunde 143 hivi, na mzunguko kamili wa kazi wa injini ya mipigo minne, yaani digrii 720, humalizika kwa milisekunde 17 na kidogo. Timu ilijiwekea sharti kwamba cheche isikosee kwa zaidi ya robo ya digrii, na robo hiyo ni takribani mikrosekunde 6.

Upande wa pili wa hesabu ni stata, na hapo ndipo wengi hupasahau. Injini ikizungushwa na stata kwa mizunguko 200 kwa dakika, jino hufika kila milisekunde 5 na mzunguko mmoja huchukua milisekunde 300, tena si kwa mwendo sawa, kwa kuwa krenki hupungua kasi kila pistoni inapobana hewa na kuongeza kasi inapovuka kilele. Taima, saa ya kuhesabia iliyo ndani ya chipu, ikiwa ya biti 16 na inayohesabu kwa hatua ya mikrosekunde moja hujaa na kuanza upya kila baada ya milisekunde 65.5. Ama programu ifuatilie mara ngapi imejaa, ama chipu iwe na taima ya biti 32.

Kutokana na hesabu hizo lilipatikana sharti lililokuwa kiini cha zoezi zima: wakati wa kupita kwa jino uandikwe na taima iliyo ndani ya chipu, na pini ya koili igeuzwe na taima hiyo hiyo muda uliopangwa unapofika, badala ya kuiachia programu isubiri zamu yake. Programu inayogeuza pini kwa mkono huchelewa kila inapokuta kikatizo kingine (ombi la dharura kwa prosesa) kinahudumiwa, na kuchelewa huko hakufanani mara mbili. Injekta nne, koili nne na pembejeo mbili za krenki na kemshafti zilihitaji njia kumi za taima, zote zikiwa zimetoka hadi kwenye pini zinazofikika.

Bodi zilizowekwa mezani

Raspberry Pi iliondolewa mapema, na haikustahili mjadala zaidi ya ule iliopewa. Huchukua sekunde kadhaa kuwaka, na mfumo wake wa uendeshaji hugawa zamu kwa namna isiyoahidi mikrosekunde 6.

Arduino Mega 2560 ilitetewa na fundi wa magari, kwa hoja nzito kwamba mradi wa wazi wa kompyuta ya injini, Speeduino, umejengwa juu yake na unaendesha injini halisi. Chipu yake ya ATmega2560 ni ya biti 8, hukimbia kwa megahezi 16, ina kilobaiti 8 za kumbukumbu ya kazi na taima nne za biti 16. Hufanya kazi kwa volti 5, na hiyo ni neema, kwa kuwa sensa nyingi za gari nazo ni za volti 5. Mwandishi wa programu aliipinga akisema haina nguvu ya kutosha: kati ya jino na jino, katika kasi ya juu, ina mizunguko ya saa 2,286 tu, na mgawanyo mmoja wa namba za biti 32 hula mamia ya mizunguko hiyo.

Teensy 4.1 ilivutia kwa megahezi zake 600. Pini zake, hata hivyo, hazivumilii zaidi ya volti 3.3, na bodi hiyo hutegemea chipu yake maalumu ya kupakilia programu, jambo ambalo lingeifunga timu kwa msambazaji mmoja siku ya kutengeneza bodi yake yenyewe.

Ilikuwepo pia bodi ya tathmini yenye prosesa ya familia ya MPC5 iliyobuniwa kwa ajili ya magari. Ndani yake kuna prosesa ndogo ya pembeni iitwayo eTPU, ambayo kazi yake ni kufuatilia pembe ya krenki na kupanga matukio kwa digrii bila kuisumbua prosesa kuu. Kwa kazi yenyewe, hakuna iliyofaa zaidi. Iliachwa kwa sababu zana zake za kutafsiri programu, vitabu vyake vinene na lugha ya kuiandikia eTPU vingemeza muda wote wa mtu mmoja kabla injini haijatoa hata cheche.

Ya mwisho ilikuwa STM32F4 Discovery. Chipu yake, STM32F407, hukimbia kwa megahezi 168, ina kitengo cha kukokotoa desimali, megabaiti moja ya flashi (kumbukumbu ya kudumu inayotunza programu), kilobaiti 192 za kumbukumbu ya kazi, taima 14 zikiwemo mbili za biti 32, vibadilishi vitatu vya analogi vya biti 12 (vya kugeuza volti kuwa namba) na vidhibiti viwili vya CAN. Bodi huja na kifaa cha kupakia na kuchunguza programu, ambacho humwezesha mwandishi kusimamisha prosesa na kutazama ndani yake. Mradi mwingine wa wazi, rusEFI, ulianzia juu ya bodi hiyo hiyo.

Uamuzi

Timu iliandaa jedwali la alama lenye safu za kasi ya prosesa, kumbukumbu, idadi ya njia za taima, CAN, volti za pini, urahisi wa zana na uwezekano wa kuihamishia chipu kwenye bodi ya kujitengenezea. Discovery ilishinda kwa mbali. Hoja iliyoandikwa daftarini kuwa ya mwisho ndiyo iliyokuwa na uzito kuliko zote: chipu hiyo inaweza kununuliwa peke yake na kulehemiwa kwenye bodi nyingine, na programu ikahama nayo bila kuandikwa upya.

Ilikubaliwa kwamba Discovery isifungwe garini kwa nyaya za kuchomeka. Ilitengenezwa bodi ya kuibebea, yenye chipu ya MAX9926 ya kusafisha mawimbi ya sensa ya krenki, vigawanya volti vya sensa za analogi, viendeshi vya injekta, transista za koili, kipokezi cha CAN na diodi ya kumeza miruko ya volti kwenye njia ya betri. Iliamuliwa pia kwamba kifaa kikae ndani ya kabini na si chini ya boneti, uamuzi uliozuia maswali mengi ya joto na mtetemo ambayo bodi ya majaribio isingeweza kuyajibu.

Yaliyotokea

Benchini kila kitu kilikwenda vizuri. Bodi nyingine ndogo iliiga mawimbi ya gurudumu la meno 60, na kichanganuzi cha mantiki, kifaa cha kurekodi lini kila pini inapanda na kushuka, kilionyesha kwamba ncha za cheche hazikuyumba kwa zaidi ya mikrosekunde moja hata kasi ilipopandishwa hadi mizunguko 7,000. Mahali pa koili palifungwa taa ndogo. Daftari linataja kwa mstari mmoja kwamba taa ya koili ya kwanza huwaka hafifu programu inapopakiwa, na pembeni pameandikwa kwamba huenda taa hiyo ni mbovu.

Ilipofungwa koili halisi, injini iliwaka baada ya marekebisho machache ya pembe. Lakini kila programu mpya ilipopakiwa huku betri ikiwa imeunganishwa, koili ya silinda ya kwanza ilipata moto, na mara nyingine mlio wa cheche ulisikika ndani ya injini iliyosimama, pale tu programu ilipoanza. Hatimaye transista ya koili hiyo iliungua.

Chanzo kilikuwa kwenye waraka wa chipu. Koili ya kwanza ilikuwa imepewa pini PB4 kwa kuwa ni njia ya kwanza ya taima ya tatu. Katika STM32F407 pini hiyo, baada ya riseti (chipu kuanzishwa upya), si pini ya kawaida: ni sehemu ya JTAG, njia ya kuichunguza chipu kutoka nje, na rezista ya ndani huivuta juu mpaka programu iibadilishe matumizi. Kiendeshi cha koili kiliuona mvuto huo kuwa amri halali. Koili ya aina hii huchajiwa kwa milisekunde 3 hivi. Ikiachiwa umeme kwa sekunde nzima za kupakia programu, mkondo wake huishia pale tu upinzani mdogo wa waya wake unapouzuia. Programu ilipoanza na kuishusha pini, koili iliachia, na kuachia ndiko kunakozaa cheche.

Tatizo la pili lilijitokeza wakati wa kurekebisha jedwali la mafuta injini ikinguruma. Kila aliyekuwa kwenye kompyuta alipobofya kuhifadhi, injini ilizima. Timu ilishuku kwanza kelele za umeme kwenye waya wa USB, ikabadilisha waya, ikahamisha ethi, na haikupata kitu. Ukweli ni kwamba flashi ya STM32F407, ambamo majedwali yalihifadhiwa, ni benki moja: inapofutwa sehemu yake yoyote, prosesa inayotaka kusoma agizo linalofuata kutoka flashi hiyo hiyo husimama mpaka ufutaji uishe. Kufuta sehemu ya kilobaiti 128 huchukua takribani sekunde moja. Injini inayozunguka mara 900 kwa dakika hufanya mizunguko 15 katika sekunde hiyo, na mizunguko yote hiyo haikupangiwa mafuta wala cheche.

La tatu lilikuwa dogo zaidi lakini gumu kulibaini. Mchanganyiko wa mafuta ulibadilika kidogo taa na feni zilipowashwa. Sensa ya shinikizo la manifoldi hutoa volti kwa uwiano wa volti 5 inazolishwa, ilhali kibadilishi cha chipu kilipima kwa kulinganisha na volti 3.3 za bodi, ambazo hazikuwa na uhusiano nazo. Volti 5 ziliposhuka hadi 4.9, kipimo cha shinikizo kilishuka kwa asilimia 2 pasipo shinikizo lenyewe kubadilika. Kidhibiti cha volti cha aina ya 7805 kilichotumika kilizidisha hali wakati wa stata, kwa sababu huhitaji takribani volti 7 ili kutoa 5, na betri ya baridi inaposukuma stata huweza kushuka hadi hapo na chini yake.

Hatua zilizochukuliwa

Kwa koili, zilifanyika hatua tatu. Pini ilihamishwa, kila njia ya koili na injekta ikapewa rezista ya nje ya omu 4,700 ya kuivuta chini, na umeme wa koili zote ukapitishwa kwenye rilei ambayo programu huifunga baada ya kujikagua. Hatua ya tatu ndiyo yenye thamani kuliko nyingine, kwa kuwa hailindi dhidi ya pini moja tu bali dhidi ya hali yoyote ambayo prosesa imelala.

Kwa uhifadhi, chaguo zilikuwa kuzuia kuhifadhi injini ikiwaka, kuhamia chipu ya familia hiyo hiyo yenye flashi ya benki mbili, au kuongeza chipu ya FRAM, aina nyingine ya kumbukumbu ya kudumu. Timu ilichagua FRAM, ambayo huandikwa mara moja bila kungoja kufutwa, huku nakala ya kazi ya majedwali ikikaa kwenye kumbukumbu ya kazi. Kwa sensa, volti 5 zenyewe zilipitishwa kwenye kigawanya volti kama kile cha sensa na kupimwa kwa njia nyingine ya analogi, kisha kila usomaji ukagawanywa kwa kipimo hicho. Kidhibiti cha volti kilibadilishwa kwa aina ya magari inayohitaji tofauti ndogo ya volti.

Matokeo

Injini iliendeshwa kwa bodi hiyo kwenye eneo lililofungwa, nje ya barabara za umma, mpaka majedwali yakatulia. Baada ya hapo STM32F407 ilihamishiwa kwenye bodi ya pili, ya kujitengenezea, na mwandishi wa programu alibadilisha faili la ramani ya pini na machache mengine. Hoja ya mwisho ya jedwali ilithibitika.

Uchambuzi

Uchaguzi wenyewe ulikuwa mzuri, ila sababu zilizoupa ushindi hazikuwa zote nzuri. Megahezi 168 zilipewa alama nyingi kuliko zilivyostahili. Mara tu matukio yanapopangwa na taima za ndani, kasi ya prosesa huamua tu kama hesabu za tukio linalofuata zitakamilika kabla ya wakati wake, na hapo nafasi ilikuwa tele. Hoja ya kwamba Mega isingeweza ilikuwa na chumvi. Speeduino huendesha silinda nne kwa mfuatano kwenye chipu hiyo hiyo, kwa kutunza hesabu zisizo za desimali na kupima kwa hatua ya mikrosekunde 4, ambayo kwa mizunguko 7,000 ni chini ya moja ya tano ya digrii. Udhaifu wa kweli wa Mega kwa mradi huu ulikuwa kwingine: haina CAN ndani yake na ingehitaji chipu kama MCP2515, kumbukumbu yake ya kazi hujaa mapema, na ni vigumu kuichungulia prosesa yake ikiwa kazini. Sababu hizo zingetosha kuiacha.

Tena, tatizo la kuhifadhi lisingetokea kwenye bodi iliyokataliwa. ATmega2560 ina kilobaiti 4 za EEPROM, kumbukumbu ya kudumu iliyotengwa na flashi. Kuandika baiti moja huchukua takribani milisekunde 3.3, na prosesa huendelea na kazi yake wakati huo. Fundi wa magari hakuitaja hoja hii alipoitetea Mega, na hakuna mwingine aliyeitaja. Jedwali lilikuwa na safu ya ukubwa wa kumbukumbu, lakini halikuuliza nini husimama wakati kumbukumbu hiyo inapoandikwa.

Hapo ndipo penye kiini cha kisa hiki. Safu zote za jedwali zilieleza uwezo wa bodi wakati programu inakimbia kama ilivyoandikwa. Madhara makubwa, ya koili na ya kuzima, yalizaliwa wakati programu haijaanza au imesimamishwa. Katika kompyuta ya injini vipindi hivyo si vya pembeni: huja kila ufunguo unapogeuzwa, kila volti za betri zinaposhuka stata inapozunguka, kila programu mpya inapopakiwa. Kifaa cha uchunguzi kilichoipa Discovery alama nyingi ndicho pia kilichorefusha kipindi cha hatari, kwa kuwa kusimamisha prosesa ili kuitazama ni kuiacha kila pini mahali ilipokuwa.

Inafaa kutazama kwa nini benchi halikugundua. Kichanganuzi cha mantiki kiliwekwa kianze kurekodi jino la kwanza linapofika, yaani baada ya hatari kupita. Taa ndogo ndiyo iliyosema kweli: mkondo wa mikroampea ishirini au thelathini kupitia rezista dhaifu ya ndani unatosha kuipa taa ya kisasa mwanga hafifu, na unatosha vilevile kukishawishi kiendeshi kisicho na rezista ya kukivuta chini. Taa haikuwa mbovu. Kipimo ambacho kingefaa ni kurekodi pini zote za matokeo tangu betri inapounganishwa, wakati wa kupakia, wakati wa riseti na wakati wa kushusha volti polepole, kabla koili yoyote haijafungwa.

Suala la bodi iliyojaa vifaa vyake yenyewe halikuleta hasara, ila lilikula muda. Discovery ina chipu ya sauti, kipimamwendo na maikrofoni, na vyote vimekalia pini. Taa zake nne ziko kwenye PD12 hadi PD15, ambazo ni njia nne za taima ya nne. Kitufe kiko PA0. USB inashika PA11 na PA12, mahali pa kawaida pa CAN ya kwanza, hivyo CAN ikalazimika kuhamia PD0 na PD1. Kwenye karatasi chipu ina njia za taima kupita mahitaji; kwenye bodi, njia zilizo huru kweli zilipungua, na upungufu huo ndio uliowasukuma hadi PB4. Bodi tupu zaidi yenye chipu hiyo hiyo ingewaachia chaguo pana.

Walipochora bodi ya pili, timu iliongeza kwenye ramani ya pini safu ya hali ya kila pini wakati wa riseti. Safu hiyo ilifichua PA15, nayo ya JTAG na yenye kuvutwa juu, ikiwa imepewa rilei ya pampu ya mafuta. Pampu ilihamishiwa pini nyingine, na PA15 ikapewa taa ya onyo ya dashibodi, ambayo kuwaka kwake kabla programu haijaanza hakudhuru kitu.